Uso wa Mama Lynn

"Itazame vizuri, Mama Lynn," Mwalimu Muriithi alisema, akaisukuma simu yake kando ya kikombe cha chai. "Halafu uniambie kama ni macho yangu yamezeeka."

Wangeci alijipangusa vidole kwa leso. Tangu asubuhi alikuwa kwenye mkanda wa kiwanda cha makadamia, akigeuza kokwa moja moja, maana kokwa iliyooza huwa nyeupe safi juu na ubovu wake uko tumboni. Macho yalikuwa yamemchoka. Hata hivyo uso ule aliutambua papo hapo, kama mtu anavyotambua koti lake likiwa mgongoni mwa mwingine.

Alikuwa yeye. Kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, kovu dogo juu ya jicho. Mwalimu alimsomea maneno ya chini, akiyatafsiri pole pole: "Mimi ni Mama Teresia, nimezaa watoto watano katika nchi hii. Hawa wageni wanaokuja kuangalia kura wametumwa kutuibia. Wafukuzeni. Siku ya kura, tukae nyumbani."

"Ni nchi gani hiyo?"

Ilikuwa nchi ndogo ya huko magharibi, ile Mwalimu aliyokuwa aende Jumatano. Alikuwa amestaafu kufundisha, akachaguliwa pamoja na watu wa nchi nyingi za Afrika wakasimame vituoni, waone kura zikihesabiwa sawasawa.

"Wanajeshi wametoka madarakani juzi tu," alisema. "Hii ni kura yao ya pili. Kuna wakubwa wa nje hawataki ifanikiwe. Wenzetu wawili waliotangulia wamepigwa mawe sokoni. Mmoja ni mama, rika lako. Waliompiga walikuwa wakionyeshana picha hii."

Wangeci aliitazama tena. Picha aliijua. Binti yake Lynn ndiye aliyempiga picha hiyo mwezi wa nne, hapo hapo mlangoni, akasema ni ya kalenda ya kanisa. Na mtoto akikuambia amepata kazi ya kompyuta, wewe uliyeachia darasa la saba utamuuliza nini? Unamshukuru Mungu, unanyamaza. Miezi minane Lynn alikuwa akienda kazini Mugutha, kwenye nyumba yenye mapazia mazito, na mama yake hakuuliza hata siku moja kinachoandikwa humo.

"Lynn. Kuja hapa."

Msichana alitoka chumbani, akaiona simu, akasimama.

"Ni wewe uliyeiweka hii?"

"Mum, ni content tu." Alijaribu kucheka. "Client yuko majuu, anatuma maneno, sisi tunapost. Hao watu hata hawakujui. Hakuna mtu wa Kiganjo angeiona."

"Mwalimu ameiona."

"Mwalimu ni bahati mbaya."

"Nimeitwa mengi shuleni," Mwalimu akasema, "lakini hilo ni jipya."

Hakuna aliyecheka.

"Mbona mimi?" Wangeci aliuliza.

Lynn alitazama miguu yake. "Tulikuwa tunatoa picha kwa internet, watu wakashtuka ni fake. Boss akasema tutafute mama mwenye sura ya ukweli. Wewe ukimtazama mtu tu, Mum, anakuamini."

Maneno hayo yalimchosha Wangeci kuliko wiki nzima ya mkanda.

Mwalimu alikohoa. Akasema kuna jambo moja linaloweza kufanyika. Wangeci akikubali kurekodiwa, ataje jina lake na anakokaa, aseme hajawahi kukanyaga huko wala kutamka maneno hayo. Wenzake wangeitangaza huko kabla watu hawajapiga kura.

"Nitafutwa kazi," Lynn alisema. "Tuliweka sahihi, Mum. Wanaweza kunipeleka kortini. Nilitarmac miaka miwili nikitafuta, ndio nipate hii kazi, na unajua."

"Najua."

"Na bado utaongea?"

Wangeci alimfikiria yule mama, ameinama katikati ya soko la watu, mikono juu ya kichwa. Labda naye alikuwa amejifunga kitambaa. Labda alikuwa na msichana kwao anayengoja simu yake.

"Mwana wa mtu amepigwa mawe kwa mdomo wangu," alisema taratibu. "Mwalimu, nikae wapi?"

Walimwekea stuli karibu na mlango, penye mwanga. Lynn alirudi chumbani na pazia likaanguka nyuma yake.

"Mimi ni Wangeci, wa Kiganjo, Thika. Nachambua makadamia..." Kinu cha unga cha jirani kikanguruma, kikameza yaliyobaki. Mwalimu akafuta. Wakangoja mahindi ya watu yaishe. Chai ikapoa.

Kinu kiliponyamaza akaanza tena. Jina. Kiganjo. Kwamba huyo Teresia hamjui, na nchi hiyo hajawahi kuiona. "Na sikuzaa watano," alisema. "Nimezaa mmoja."

Mwalimu aliinua kidole. "Lynn ametoka, anaonekana hapo nyuma yako," alisema kwa sauti ya chini. "Asogee?"

Wangeci hakugeuka. Alisikiliza, na nyuma yake hakusikia hatua yoyote ya kuondoka. Mwalimu aliendelea kuishika simu, na ile nukta nyekundu ya kurekodi ilikuwa bado inawaka.