Mfuko Nao Ni Kipande

Jumatatu, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tisa, mwaka ule wa barakoa. Asubuhi ilianza na manyunyu, yale yasiyoamua kuwa mvua wala kuacha, na mawingu yalikuwa yamelala juu ya mabati kama shuka lisilokamuliwa. Kwa wengine ilikuwa hali ya hewa tu. Kwa dobi ilikuwa balaa, maana hakuna nguo ambayo ingekauka.

Mama Pasi alifika kazini kabla ya wenzake. Alitundika mwavuli msumarini, akawasha pasi tatu, kisha akasimama mbele ya meza ndefu na kusali kama kila siku. Sala yake ilikuwa fupi: Mungu, nilindie mikono, nilindie ulimi. Siku hiyo aliongeza maneno mawili, kaka yangu, halafu hakujua ayamalizie vipi.

Jina la Mama Pasi alipewa na wateja, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuunguza hata kola moja. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kuhesabu. Katika duka lile la dobi kila nguo ilihesabiwa inapoingia na inapotoka, na mfuko uliobeba nguo ulihesabiwa pia. Ukileta mashati kumi, unaandikiwa kumi na moja. Mteja mgeni akibisha, Mama Pasi humjibu bila kuinua uso: "Mfuko nao ni kipande. Unafuliwa, na unaweza kupotea."

Saa mbili wateja walikuwa wamejipanga kando ya kaunta, wameachana hatua mbili mbili. Redioni msemaji wa Meya alikuwa anakanusha kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja. Hapakuwa na sherehe yoyote nyumbani kwa Meya, alisema. Siku hiyo ya Jumamosi inayosemwa, watu tisa wa familia walikaa mezani wakala chakula cha mchana, basi.

"Tisa!" kinyozi wa mtaa alicheka bila furaha. "Labda alihesabu magari."

"Wewe ulikuwepo?" mama mmoja aliyeshika sare za wanawe alimgeukia. "Mnapenda kumsakama yule mtu. Bila amri zake tungeisha sote."

"Nani amesema amri zilikuwa mbaya? Nasema na yeye angejifungia kama nilivyojifungia mimi. Miezi mitatu, mama. Miezi mitatu mkasi umelala. Mke wangu nilimnyoa mara nne ili tu nisisahau kazi."

Wote wakacheka, hata yule mama. Mama Pasi hakucheka. Aliendelea kukunja shuka.

Maana yeye alijua. Katika duka lile, nguo ikiingia, huulizwa imechafuka lini, kwa kuwa doa la siku moja na doa la wiki hayafuliwi kwa namna moja. Jibu huandikwa kwenye stakabadhi. Jumatatu ya tarehe ishirini na nne mwezi uliopita, mtunza nyumba wa Meya alishusha mifuko sita. Ndani yake mlikuwa na vitambaa vya meza ishirini na vinne, na vitambaa vya kufutia mdomo mia mbili na kumi na viwili, vingine vina rangi ya midomo, vingine vimelowa mvinyo. "Vimechafuka lini?" Mama Pasi aliuliza kama ilivyo desturi ya kazi. Yule mwanamke, naye amechoka na hana hila, alijibu, "Jumamosi mchana." Mama Pasi akaandika: Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, mchana.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana huo huo, alikuwa amemzika mama yake.

Amri ya Meya ilisema watu kumi makaburini, asizidi hata mmoja. Ndugu walimkabidhi Mama Pasi orodha kwa sababu hakuna aliyehesabu kama yeye. Alihesabu: yeye mwenyewe, dada zake wawili, mama mdogo, jirani aliyemuuguza marehemu, na mtu wa kuongoza sala. Sita. Kisha vijana wanne wa hospitali, wenye mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, waliobeba jeneza. Kumi. Wengine walibaki nyumbani.

Kaka yake mkubwa, fundi wa magari ambaye mji mzima ulimwita Spana, alikuwa mbali kikazi, akarudi kwa lori, na karatasi ya ruhusa ya kusafiri ilimchelewesha njiani. Alifika akiwa amevaa shati jeupe alilonunua siku ile. Mlinzi wa lango alimuuliza Mama Pasi kama kuna nafasi.

"Tumejaa," alisema.

Spana alishika waya wa uzio kwa mikono miwili. "Mdogo wangu, niko mmoja tu."

"Kaka, amri ni amri."

Hata wazo la kutoka yeye ili kaka aingie halikumjia. Alirudi kaburini, na kila alipotupa macho nyuma aliona lile shati jeupe kwenye uzio. Tangu siku hiyo Spana hakumwita tena mdogo wangu. Akitaka kumsalimu, humtuma mtu.

Kabla ya adhuhuri mvuke wa pasi na unyevu wa siku viliungana. Tangazo la amri lililobandikwa mlangoni tangu mwezi wa nne likalegea na kuanguka. Mama Pasi aliliokota alibandike upya. Maandishi makubwa aliyajua kwa moyo. Chini kabisa palikuwa na mistari midogo ambayo hakuwahi kuinamia. Safari hii karatasi ilikuwa mkononi, karibu na macho, akasoma polepole, kidole kikifuata maneno.

*Wahudumu wa mazishi na wabeba jeneza hawahesabiwi katika idadi hii.*

Alisoma mara ya pili. Kisha akaketi juu ya lundo la mashuka machafu, kitu ambacho hakuwahi kufanya maisha yake yote.

"Vipi, Mama Pasi?" aliuliza Shemeji, mfuaji mwenzake. Kila mtu alimwita Shemeji, na hakuna aliyejua alikuwa shemeji wa nani. "Umeona nyoka?"

"Nafasi nne," alisema.

"Nafasi za nini?"

Aliingia chumba cha sabuni, akafunga mlango, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Alitaka kusali lakini maneno yalimkaukia. Aliwahesabu wale vijana kama anavyohesabu mifuko. Walibeba, basi akawaandika. Hakuna Meya aliyemwambia afanye hivyo. Ni mazoea ya mkono wake mwenyewe. "Mungu wangu," alisema mwishowe, "si amri. Ni mimi."

Alipotoka, mama mwenye duka alikuwa anamsubiri kaunta, na kando yake msaidizi wa Meya, kijana nadhifu mwenye mwavuli usiodondosha tone. Shemeji alikuwa akijifanya anasugua kola moja kwa dakika kumi.

"Dada," msaidizi alisema kwa upole, "leo saa kumi kuna kikao cha wakazi kwenye ukumbi wa shule. Watu wanataka kuzua mambo. Tumeona stakabadhi yenu moja ina kosa dogo la tarehe."

"Haina kosa."

"Vile vitambaa ni vya mwezi wa pili, kabla ya ugonjwa. Vilikaa stoo. Uandike upya tu."

Mama Pasi alimtazama. "Doa la mvinyo la miezi sita, ndugu yangu, halitoki. Lile lilitoka kwa maji ya kwanza."

Shemeji alikohoa ndani ya barakoa, na hakikuwa kikohozi.

Msaidizi alipoondoka, mwenye duka aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepata wateja wachache mwaka ule, na nyumba ya Meya ilikuwa mteja mkubwa kuliko wote. "Sikulazimishi, Mama Pasi," alisema. "Ila ukienda na hiyo karatasi kule, kesho usije. Nitasema nini kwao?"

"Sema ukweli, mama. Sema niliondoka na karatasi."

Alizima pasi moja moja, akasubiri zipoe, akafuta meza. Alikunja aproni yake kwa mikunjo minne, akaiweka mahali pake. Kisha akachukua stakabadhi na lile tangazo lililolowa, akatoka kwenye manyunyu bila kukumbuka mwavuli.

Njiani jambo moja lilimng'ang'ania kama nguo iliyolowa mwilini. Angeweza kutoa stakabadhi peke yake. Spana angesikia kwamba Meya alikuwa anafuta mdomo saa ile ile walipokuwa wanamfukia mama. Hasira yake yote ingehamia kwa Meya, na pengine jioni hiyo hiyo angemwita tena mdogo wangu. Tangazo lingebaki mfukoni. Hakuna ambaye angejua.

Ukumbi ulijaa. Viti viliachanishwa mwanzoni, lakini watu waliokosa viti walisimama ukutani bega kwa bega, barakoa kidevuni, wakigombana juu ya amri za kuachana. Meya hakuja. Msaidizi wake alisoma barua, na neno tisa likapita tena ukumbini kama nzi.

"Mwongo mkubwa!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

Muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa ugonjwa ule alisimama, mwanamke mfupi mwenye alama za barakoa usoni ambazo sasa hazikufutika hata akiivua. "Mimi sikuja kumtetea mtu," alisema. "Lakini nimewafunika watu kwa mikono hii mpaka mashuka yakaisha. Amri zile zilikuwa sahihi. Aliyezivunja, jina lake nalo livunjike. Msizitupe amri pamoja naye, nawaomba. Kesho mtazihitaji."

"Tuzifuate sisi tu?" kinyozi alimjibu. "Muuguzi, nakuheshimu. Lakini mwambie huyo aliyeziandika azisome."

"Nani hapa alizisoma zote?" muuguzi aliuliza.

Mama Pasi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aliinamisha macho.

Kisha Spana akasimama mbele. Alikuwa amevaa lile shati jeupe, na Mama Pasi aliona papo hapo kwamba halijapigwa pasi tangu siku ile. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ukumbi ulilazimika kunyamaza ili umsikie.

"Mimi sina hotuba. Mimi ni fundi. Mama yangu alizikwa tarehe ishirini na mbili. Nilisimama nje ya waya. Niliona kichwa cha koleo kikipanda na kushuka, basi, hicho ndicho nilichokiona. Nilikubali, kwa sababu niliambiwa nafasi zimejaa. Ninachouliza ni kimoja. Huyu aliyenizuia mimi, siku ile alikuwa na watu wangapi?"

"Tisa," alisema msaidizi.

"Mia mbili na kumi na wawili," alisema Mama Pasi.

Vichwa viligeuka. Alipita katikati ya viti, viatu vikichuruzika maji, akaweka stakabadhi mezani mbele ya mwenyekiti wa kikao. "Pengine wengine walifuta mdomo mara mbili," alisema. "Mimi sihesabu midomo. Nahesabu vitambaa. Vilichafuka Jumamosi tarehe ishirini na mbili, mchana. Niliandika mimi, kwa jibu la nyumba yake mwenyewe."

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti, kinyozi alipiga makofi mpaka barakoa ikamdondoka, na msaidizi akaanza kukusanya karatasi zake. Spana alikuwa anamtazama dada yake. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alikuwa anamtazama usoni, na macho yake yalikuwa yamelainika. Alipiga hatua moja kuelekea kwake.

"Mdogo wangu," alisema.

Lingeweza kuishia hapo. Mama Pasi alilisikia neno hilo likimwingia kifuani kama joto la pasi, na alitamani sana kukaa kimya. Mungu, nilindie ulimi. Miaka yote alidhani sala ile ni ya kuomba asiseme.

"Subiri, kaka. Bado."

Alitoa tangazo, akalikunjua juu ya meza, akaweka kidole kwenye mistari midogo. Alisoma kwa sauti. Kelele zilipungua, zikabaki mnong'ono, zikaisha.

"Niliwahesabu waliobeba jeneza," alisema. "Hawakutakiwa kuhesabiwa. Niliwahesabu kama mifuko. Tulikuwa sita, kaka. Kulikuwa na nafasi nne."

Spana hakuelewa mara moja. Alisogea, akainama, akasoma mwenyewe, midomo ikitikisika. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishwa kule kwenye waya.

"Nne," alisema.

"Nne."

"Na mimi nilikuwa mmoja."

Muuguzi alifunika macho kwa kiganja. Spana alirudi nyuma mpaka akakuta kiti, akakaa, akatazama dirishani ambako manyunyu yalikuwa bado hayajaamua. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa afadhali.

Mama Pasi alibaki amesimama mbele ya watu, mikono yake haina nguo ya kukunja. Machozi yalikuwa yanaingia ndani ya barakoa na hakuyafuta.

"Meya atajibu lake," alisema, "na mimi hili ni langu. Kaka, sikuombi unisamehe leo. Nasema mbele ya hawa wote, wanisikie na wanikumbushe: kuanzia sasa, yeyote atakayeuliza kwa nini hukumzika mama, sitasema amri, sitasema Meya. Nitasema ni mimi niliyekuacha nje. Naahidi."