Miezi Mitatu Bila Utani

Mimi Mhina ni mtu wa hasira. Handeni nzima inajua, na wapagazi wangu walijua mapema zaidi. Lakini nikiwakumbuka Wasambaa wa Mombo hasira yote inaniisha, nabaki kushukuru.

Mwaka ule gari moshi la Mjerumani lilipofika Korogwe, kazi yetu ilikuwa kupeleka nta, ngozi na mpira kutoka Handeni hadi stesheni. Nilikuwa na watu kumi na wawili, Wazigua watupu. Mizigo ikazidi, nikachukua kundi la watu tisa wa Pangani ambalo mnyapara wake alikuwa amechoka. Siku ya kwanza tu vijana wangu wakaanza kuwatania, mmoja wakamwambia ana miguu ya korongo. Kumbe wale si watani wetu. Wakafunga virago na wiki haijaisha. Nilibaki na kamba zao.

Kwa hiyo nilipochukua kundi la mzee Lukasi, mnyapara wa Mombo aliyekuwa anaacha kazi, nilijiona nimeerevuka. Lukasi aliniachia kamba, mikeka na mapatano yake na mfanyabiashara. Kuhusu watu alisema, watakuja wakipenda. Wakaja kumi na mmoja, mbele yao Kaleb. Huyo Kaleb alikuwa fundi wa kuvusha mizigo mto Ruvu, huo uendao Pangani. Maji yakijaa yeye anafunga kamba zake huku na huku, na mzigo unapita mkavu. Bila yeye, masika nzima tungekaa ng'ambo tunaitazama Korogwe. Nikawaita Wazigua wangu nikawaambia, "Atakayemtania Msambaa, kwangu hana kazi."

Mke wangu Hamisa ndiye aliyekuwa akitupikia kambini Manundu. Akagonga mfuniko wa chungu kwa mwiko, maana ndivyo alivyonigombeza siku zote.

"Baba Rehani, Msambaa ni mtani wako tangu enzi za babu. Leo unamfanya nani?"

Nikamwambia apike, ya wapagazi aniachie.

"Haya, kula kwanza, hasira baadaye," akasema. Hilo nalo lilikuwa neno lake la kila siku.

Ikapita miezi mitatu. Wasambaa walisalimiwa kwa adabu, wakapishwa karibu na moto, wakapakuliwa mwanzo. Nikajisifu sana. Halafu asubuhi moja Kaleb akaja macho mekundu, wenzake wote nyuma yake na mikeka mabegani.

"Shikamoo, mzee. Baba yangu Simeo amefariki. Tunakwenda Mombo, tunazika kesho."

"Marahaba. Poleni sana, wanangu. Mtarudi lini?"

"Haturudi, mzee."

Nikauliza nimewakosea nini. Kaleb akatazama chini.

"Hujatukosea. Ila tumekaa miezi mitatu na hakuna aliyetutukana hata mara moja. Tunasalimiwa kama makarani wa serikali. Jana habari ya msiba imefika, Mzigua hata mmoja hakuja kunifanyia utani. Mgeni akishakaa sana, mzee, huaga."

Wakaondoka. Nikasikia mfuniko unagongwa.

"Umeona? Umewanyima utani hata msibani," Hamisa akasema. "Nenda kazike. Na uende kama mtani, usiende kama mnyapara."

Nilikwenda na Wazigua wangu wote, tukalala njiani, tukafika Mombo jeneza likiwa limeshawekwa kando ya kaburi. Mwalimu wa misheni alikuwa anafungua kitabu. Nikavua kofia, nikarukia ndani ya kaburi, nikajilaza chali.

"Haingii mtu humu mpaka nilipwe," nikasema. "Msambaa gani huyu wa kuzikwa bondeni? Mmezoea milima mpaka kwenye tambarare mnainua magoti. Mpandisheni huko juu akazikwe na migomba yake."

Mwalimu akafunga kitabu chake. Nikajua nimekwisha, na kundi nimelipoteza, na aibu juu. Ndipo nikamsikia mjane, mama yake Kaleb, anacheka huku analia, na jogoo wa malipo akanidondokea kifuani. Kaleb akashuka akanishika mguu.

"Toka humo, Mzigua mwenye njaa. Hamna mizizi ya kuchimba humo."

Akanivuta, kisha akanikumbatia pale pale shimoni, akalia kama mtu ambaye hakuwa amelia bado. Baada ya siku nne walirudi Manundu wote kumi na mmoja.

Tangu hapo nimechukua makundi mengine mawili. Kabla ya kuuliza mtu anabeba mzigo kiasi gani, namuuliza watani wake ni nani. Hawaondoki ovyo.

Masika iliyopita Hamisa wangu alifariki. Nilikaa siku mbili nimeelekea ukutani, kila aliyeleta chakula nikamfukuza kwa matusi. Siku ya tatu nikasikia mfuniko unagongwa. Nikageuka. Kaleb, na ndevu zake, amejifunga kaniki ya Hamisa, mkono kiunoni, mwiko mkononi. Ukiacha siku ile ya kaburini, huyo mtu hakuwahi kuniita jina jingine ila mzee.

"Baba Rehani," akasema, kwa sauti ile ile. "Kula kwanza, hasira baadaye."

Waombolezaji waliangua kicheko, na mimi nikacheka nao mpaka machozi yakanitoka. Ahsante, Kaleb. Nilinawa, nikala.