Warsha ya Kuwavutia Watoto

Jumamosi ile Mkutubi alipewa kazi ya kuwazuia watoto mlangoni, ili wakubwa wapate nafasi ya kujadili kwa nini watoto hawaji maktaba.

Si mzaha. Watu wazima kumi na wanane, na vitambi vyao, walikuwa wamejibana kwenye viti vidogo vya chumba cha watoto, magoti yakikaribia videvu. Mkuu wa maktaba, ambaye watoto walimbandika jina la Bwana Kimya, alikuwa akiwasomea maandishi ya ukutani neno kwa neno, utadhani wenzake hawakupita shule. Mwisho wa warsha mgeni wa makao makuu angeamua: chumba kibaki cha watoto, au kigeuzwe ukumbi wa mikutano. Mkutubi alikuwa amekihangaikia miaka mitatu, hata vitabu vilivyochanika alivishona mwenyewe kwa sindano na uzi. Leo roho ilikuwa juu juu.

Nje, kwenye ngazi, watoto kumi na saba walikaa na vitabu vya kurudisha.

"Shangazi, tutaingia saa ngapi?" aliuliza binti wa miaka kumi na minne, mkubwa wao.

"Wakimaliza, mwanangu."

"Kwani wanafanya nini humo?"

"Wanawatafuta nyinyi."

Bwana Kimya akachungulia, karatasi ya mahudhurio mkononi. "Orodha haina mtoto hata mmoja. Hawa waandike majina, halafu waende kwao. Na wasipige kelele."

"Si waingie tu, mzee?"

"Wakae wapi?"

Mkutubi alitamani kuichana karatasi ile. Badala yake akampa binti. Binti akaandika jina lake, na penye nafasi ya maoni akaandika: Sikuruhusiwa kuingia. Wenzake wote wakaandika hivyo hivyo, mpaka mdogo wao wa darasa la pili, aliyejitahidi huku ulimi umemtoka nje.

Mkutubi akaipeleka mwenyewe kwa mgeni. Mgeni akavaa miwani, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Watoto kumi na saba! Hongereni," akasema. "Ukumbi huu unafaa kabisa kwa warsha. Naona tuufanye wa kudumu."

Makofi yakapigwa. Mtu mzima, bosi wa makao makuu, amehesabu majina na kusoma maoni kumemshinda! Mkutubi alimtazama, na heshima yote aliyokuwa amejilazimisha tangu asubuhi ikamwishia. Akaenda kuufungua mlango mpaka mwisho.

"Ingieni, wanangu."

Wakaingia. Yule wa darasa la pili alikwenda moja kwa moja kwa mgeni, kitabu kifuani.

"Shikamoo, babu. Umekalia kiti changu."

Mgeni akatazama huku na huku, hakuna aliyemsaidia. Akainuka. Kiti nacho kikainuka naye, kimemganda makalioni.

Mtoto akangoja kwa adabu.