Kuna Mwenye Neno?

Kaka yangu tunamwita Redio, na si kwa sababu anaimba. Akianza kusema hazimwi. Tangu mama astaafu na kumwachia karakana ya ushonaji, vikao vyetu vyote vilikwenda vilevile. Yeye husimama kwenye meza ya kukatia, sisi wengine tumekaa nyuma ya cherehani kama wanafunzi. Ataongea mpaka jasho limtoke, halafu atauliza, "Kuna mwenye neno?" Kabla hujameza mate anajijibu mwenyewe: "Hakuna. Basi tumekubaliana."

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana kushona sare za shule tu, mpaka shule zikahamia kwenye sare za dukani. Na hivyo ndivyo tungekubaliana Ijumaa ile kufunga karakana. Alikwisha kupata mpangaji wa chumba, muuza simu. Mimi ndiye mkataji pale, na kutembea nilijifunzia kwa kushika miguu ya meza ile. Nikaapa kwamba karakana ikifa, haitakufa kwa sababu ya sisi kufyata ulimi.

"Kikao cha leo naendesha mimi," nilimwambia asubuhi.

"Wewe? Una hotuba?"

"Sina. Wala wewe huna."

Nilisukuma cherehani ukutani, nikapanga viti viwili viwili vikitazamana. Utaratibu wenyewe niliuona kwa mwalimu wa binti yangu, kwenye mkutano wa wazazi: kwanza kila mtu anafikiri peke yake, kimya, kisha wanazungumza wawili wawili, mwisho ndipo wote. Nikaongeza sharti moja: ukisimama, hutoi wazo lako, unatoa la mwenzako.

"Swali ni hili," nikasema. "Mtu gani unayemjua anahangaika na nguo, na dukani hapati ya kumfaa?"

Kile kimya cha mwanzo kilikuwa kazi kweli. Mpiga pasi alikodolea macho dari. Fundi wa zipu alianza kucheka bila sababu. Redio alifungua mdomo, nikamwonyesha mkasi, akaufunga shingo upande.

Nilikuwa nimemkalisha na Shangazi, dada wa marehemu baba, anayepinda mikunjo kwa mkono pale dirishani. Sijawahi kumsikia akitia neno kikaoni. Muda wa wawili wawili ulipofika, kona yao ilitoa sauti moja tu, na mnajua ya nani. Nusura niende kumkata kauli, nikajizuia, maana karakana moja haihitaji redio mbili.

Mpiga pasi alisimama wa kwanza. "Mwenzangu ana baba mkwe aliyevunjika bega. Kila wakimvalisha shati, mzee analia."

"Na yeye anasema," fundi wa zipu akadakia, "hilo shati lifungukie begani, kama nguo za vichanga."

Ikawa zamu ya Redio. Alisimama, akakohoa. "Shangazi anasema..." Akamtazama. "Shangazi anasema kwamba..." Mpiga pasi akaziba mdomo kwa kiganja. Redio ana maneno mengi, lakini si mwongo. Alirudi kitini.

"Shangazi, samahani. Ulisema nini?"

"Sijasema, mwanangu. Zamu yangu haikufika."

"Basi sema. Nakusikiliza."

Shangazi alinyoosha mkunjo uliokuwa mapajani mwake. "Zipu ya mgongoni siifikii tena, mikono haipandi. Jirani ndiye ananifunga asubuhi. Siku akisafiri, nakuja ikiwa wazi, nimejitanda mtandio juu."

Iliniuma. Mitandio yake nimeisifia mara ngapi!

"Zipu naihamishia mbele," alisema fundi wa zipu, "na kishikio kikubwa cha kushikika."

"Mbele itamwonyesha mgonjwa," mpiga pasi akapinga. "Ubavuni."

"Ubavuni nayo nitaifikiaje?" Shangazi akauliza. "Mbele, lakini ifichwe kwa mkunjo. Nitaupinda mimi."

Nilikuwa tayari nimeshika chaki, nachora kwenye kitambaa. Gauni la Shangazi, shati la mzee. Wote walikuwa wameinama juu ya meza, wanabishana, na Redio alisimama nyuma yao mkono juu.

"Naomba kusema," alisema. "Pale zahanati wananijua. Mkizishona, nitazipeleka, na nitaongea mpaka wachoke."

"Huko ndiko tunakokuhitaji," nikamwambia, na nilimaanisha.

Simu yake ikalia. Ni mpangaji. Aliitazama, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza, kisha kwa mazoea akasimama kwenye nafasi yake ya zamani.

"Tusifunge kwanza. Tujaribu hizi nguo. Kuna mwenye neno?"

Mdomo ulibaki wazi, jibu limeshafika ulimini. Nilimwona akilimeza. Akavuta kiti, akaketi, akasubiri.

Shangazi akachomeka sindano yake kwenye kitambaa.

"Mimi ninalo," alisema, na hakuna aliyemkatiza.