Q Bila U

Baba yangu alikuwa fundi wa taipureta, na kitu kimoja kilimuudhi maisha yake yote: kitufe cha Q. Mashine ililetwa karakanani A imefutika, E imefutika, lakini Q inang'aa kama imetoka dukani jana. "Herufi hii inakula bure," alikuwa akisema. "Imekaa pale pembeni kama mjomba aliyekuja kusalimia akahamia."

Kwa hiyo alipopata mchezo wa herufi, ule wa ubao wenye miraba na mfuko wa vibao vidogo vya mbao, hakuhangaika na maneno ya kawaida. Mchezo wenyewe ni wa Kiingereza, na katika Kiingereza Q haitoki nyumbani bila U kuishika mkono. Baba akaapa kuyasaka maneno machache ambamo Q inatembea peke yake. Alisoma kamusi kama wenzake wanavyosoma magazeti, na akayapata. QANAT, mfereji wa maji unaochimbwa chini ya ardhi. UMIAQ, mashua ya ngozi ya watu wa nchi za barafu. TRANQ, dawa ya kumtuliza mtu. Kisha akagundua jambo lililomchekesha mpaka akakohoa: mengine tulikuwa nayo nyumbani siku zote. FAQIR ni fakiri wetu, TALAQ ni talaka, QIBLA ni kibla, SHEQEL ni shekeli.

"Mwingereza kayaazima kwa jirani yuleyule tuliyemwazima sisi," alisema. "Tofauti ni kwamba sisi tuliyaambia yavue viatu mlangoni."

Kamusi ilikubali maneno hayo, lakini nyumba yetu ilikuwa na sheria yake. Hupati alama mpaka useme maana, kisha utoe mfano wa mtu tunayemjua. Maana na mfano. Mimi na kaka tulikua na sheria hiyo, na ilituponza. Kaka alipokuwa mdogo aliweka TALAQ, akataja maana vizuri, akatoa mfano wa mwalimu wetu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuchukua mashine yake. Kaka hakugusa ubao kwa muda mrefu.

Kiharusi kilimkuta baba karakanani, bisibisi mkononi. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja: basi. Ukimpa chai, basi. Ukimuuliza kama anaumwa, basi. Ukimwita, basi. Shangazi, dada yake mkubwa, mjane anayeishi naye, alijitahidi kutania ili asilie. "Walisema ulimi hauna mfupa," aliniambia kwenye simu. "Wa baba yako umeota."

Mimi ni mwokaji wa mikate katika mji mwingine. Niliomba likizo, nikaja. Likizo ilipokwisha niliomba nyingine, na mwenye tanuri akaniambia wazi kwamba unga hausubiri mtu, akanitakia kila la heri kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutafuta mwingine. Sikujali. Tanuri ni nyingi, baba ni mmoja. Nilipanga viatu vyangu chini ya kitanda cha utotoni na nikaanza kazi.

Mtaalamu wa usemi pale hospitali alinipa shauri moja tu: usimsemee. Akitafuta neno, mwache alitafute, hata kama roho inakuuma. Nikaja nyumbani nikatandaza ubao wa herufi mezani, karibu na dirisha, nikamwekea baba vibao upande wa kushoto, kwenye mkono unaofanya kazi.

Mwanzoni aliviangalia tu. Kisha akaanza kuvisukuma kwa kidole. Vidole vilikumbuka kuliko ulimi. Asubuhi moja akapanga FAQIR, taratibu, kila kibao akikinyoosha kwenye mraba wake kama alivyokuwa akinyoosha vyuma vya mashine.

"Maana?" nikamuuliza.

"Basi."

"Hapana. Maana?"

Shangazi akatoka jikoni na mwiko. "Mwanangu, mpe alama zake! Neno si hilo hapo?"

"Sheria ni sheria, shangazi."

"Una roho ya chuma wewe. Sijui umemrithi nani."

Alijua vizuri nimemrithi nani. Baba alifunga macho. Mdomo ulienda upande, ukarudi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, nami nilikalia mikono yangu nisije nikamgusa. Neno nilikuwa nalo mdomoni, tayari, na nililimeza.

"Fa-ki-ri," akasema.

Nilitaka kuruka. Sikuruka. "Mfano?"

Akageuza kichwa polepole, akamtazama shangazi aliyesimama na mwiko wake, na sehemu ya uso inayocheka ikacheka. "Da-da," akasema.

"Mimi?" shangazi akapiga kelele. "Mimi fakiri? Mimi ninayekufulia soksi?" Kisha akaketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa furaha huku akimtukana. Nikaandika alama za baba kwenye karatasi na kalamu ikatoboa karatasi.

Kuanzia hapo tulicheza kila asubuhi. Siku nyingine alirudi kwenye basi, akasukuma vibao vikamwagika sakafuni, na mimi nikapiga magoti nikaviokota, nikavirudisha mezani. Hasira zake zilinipa moyo. Mtu anayekasirika hajaondoka.

Kaka alipiga simu kusema atakuja Jumapili. Kaka ni mpima ardhi, mtu mwema, ila amezoea kutazama kitu akakiwekea mipaka. Alikuwa ameamua: baba atahamia kwake, chumba kipo, mkewe amekubali, na nyumba hii pamoja na karakana vitafungwa. Nikamwambia baba hataki. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema, "Atakuambia mwenyewe."

Nikamnoa baba kwa neno moja. Nabaki. Nilimwomba aliseme akinywa chai, akivaa shati, akiota jua mlangoni. "Sema, baba: na-ba-ki." Alinitazama, kisha akageuza uso dirishani. Mara moja alisema nusu yake, akaacha. Nilidhani ulimi umegoma. Shangazi alinishika bega. "Mtaalamu alikwambia usimsemee," akasema. "Na sasa unamsemea kabla hajafungua mdomo." Nilimjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema basi niiname mimi, nisimwinamishe mgonjwa.

Jumapili kaka alifika, akamkumbatia baba, akasimama katikati ya sebule, na macho yake yakaanza kuipima. Tulikula. Sahani zilipoondolewa akaeleza mpango wake kwa upole, kama mtu anayesoma ramani: kitanda kitakaa hapa, choo kiko karibu, hospitali ni mwendo mfupi. Shangazi naye angekuja, kama angependa.

"Umemuuliza?" nikasema.

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Uji tusimuulize. Nyumba yake tutamuuliza."

"Atanijibu nini? Basi?" Kaka alijuta alipolisema, niliona, lakini lilikwisha kutoka. "Mdogo wangu, mimi si adui. Baba anataka usalama. Baba anataka wajukuu karibu."

"Baba anataka kufa na harufu ya mafuta ya mashine puani, si ya mashuka yako! Baba anataka karakana yake!"

"Wewe umefukuzwa kazi kwa ajili ya ukaidi huu!"

"Hiyo ni juu yangu!"

"Baba anataka..."

"Baba anataka..."

"Ajabu," shangazi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Chumba kizima kinajua baba anataka nini, kasoro yeye."

Kofi likapiga meza. Lilikuwa la mkono wa kushoto. Baba alikuwa amenyooka kitini, uso umemwiva, na kidole kilikuwa kinaonyesha mfuko wa vibao kwenye rafu.

Kaka akapumua kwa nguvu. "Sasa anataka kucheza."

Nilileta mfuko. Baba hakuniruhusu nimsaidie. Alivimwaga vibao, akatafuta, akageuza kimoja baada ya kingine, akakosa, akaanza tena. Mwishowe akaweka Q. Kisha A. Akatafuta D kwa muda mrefu, akaipata chini ya kiwiko chake. Halafu I.

QADI.

Nilikaza meno. Nilikuwa nimejiambia nitaheshimu shauri la mtaalamu hata kama nyumba itaungua. Aliyeuliza ni kaka. Sidhani alikusudia, lilimtoka kama mtoto aliyeketi sakafuni miaka ile, kabla ya digrii na vipimo vyake.

"Maana?"

"Ka-dhi," baba akasema.

"Mfano?"

Baba akainua mkono wake wa kushoto, akauweka kifuani.

"Mi-mi."

Kaka alitafuta kiti kwa mkono bila kutazama, akaketi. Sote tulielewa mara moja, hata shangazi ambaye hajawahi kucheza mchezo ule. Kesi ilikuwa imesikilizwa, kila wakili alikuwa amepiga kelele za kutosha, na sasa mwenye kuhukumu alikuwa ameingia.

"Sema, baba," kaka akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Nakusikiliza."

Ilimchukua muda. Alianza, akapotea, akafunga macho, akarudi. Hatukumsaidia. Nilimwona kaka akiuma mdomo wake kwa ndani kama nilivyofanya mimi asubuhi zote zile, na nikampenda tena.

"Nyu-mba... hii." Akagonga meza kwa kidole. "Dada... na mimi. Na-ba-ki."

Kaka akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Sawa, baba. Nitaweka vyuma vya kushikilia chooni. Nitakuja kila Jumapili."

Nilishinda! Nasema ukweli, nilimgeukia kaka na kidevu juu, na nilikuwa nimekwisha kuandaa la kumwambia. Baba akagonga meza tena. Hakuwa amemaliza. Kidole kiliondoka mezani, kikapita juu ya vibao, kikanielekea mimi.

"Na we-we," akasema. "Kwa-ko. Ka-zi... ko."

"Kazini kwako," shangazi akasema, kisha akajiziba mdomo.

"Baba, kazi imekwisha," nikasema. "Wamepata mtu."

"Nyi-ngine."

"Na nani atakufundisha? Nani atakaa hapa kila asubuhi akusubiri? Shangazi atakupa alama za bure!"

"Sitampa hata moja," shangazi akasema. "Nimeitwa fakiri katika nyumba hii."

Kaka akacheka, na kicheko chake kilinichoma. Nilisimama. Nilimwambia baba kwamba hajui anachosema, kwamba bado anachoka, kwamba mtaalamu amesema tusikate mazoezi. Nilisema mengi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Sikutaka kuondoka. Ndani ya nyumba ile nilikuwa mtu mwenye shughuli isiyo na shaka, nikiamka najua kwa nini, na nilikuwa naogopa kurudi katika chumba changu cha kupanga ambako hakuna anayeningojea wala anayenihitaji. Hilo sikulisema. Baba alinitazama tu na akaniacha niseme mpaka mwisho, kama nilivyokuwa nikimwacha yeye.

"Na nikikataa kwenda?" nikamuuliza.

Hakufunga macho. Hakutafuta.

"Utakwenda," akasema.

Lilitoka zima, silabi zote zimeshikana, kwa sauti ileile aliyokuwa akitutuma nayo shule. Kaka akainuka nusu kitini. Mimi nilikuwa nimelisubiri neno la namna hiyo tangu nilipofika, nimelipigia magoti sakafuni, nimepoteza tanuri kwa ajili yake, na sasa lilikuwa limekuja na lilikuwa linanitoa nje.

"Ndiyo, baba," nikasema, nikaingia chumbani kufungasha nguo zangu.