Mtumishi wa Binti Mfalme Aomba Ruhusa

Jana mchana, wali wa maharage ukiwa haujatulia tumboni, Eliwaza Mshana aliota kwamba Hisaro ameingia saluni kwake Kihonda, akainama mpaka paji la uso likagusa ndoo ya kuoshea nywele.

Hisaro ni mtu wa katuni. Yumo katika ile hadithi ya Kijapani anayoitazama Nakiete, bintiye Eliwaza, kwenye simu: mtumishi mwaminifu wa Binti Mfalme Yumeli, mwenye upanga mrefu na glavu nyeupe, asiyecheka hata akitekenywa. Eliwaza hakushangaa kumwona. Alimwambia akae kwenye benchi asubiri foleni, ingawa hakukuwa na mteja hata mmoja.

"Siwezi kukaa, bibie. Nimekula kiapo," alisema Hisaro. "Niliapa kwamba hakuna unywele hata mmoja wa Binti Mfalme utakaoanguka mbele yangu. Nilidhani ni maneno ya heshima tu."

"Kumbe?"

"Kumbe walimaanisha unywele."

Mbele yake alisimama Yumeli mwenyewe, nywele za samawati zikimfika visiginoni. Unywele mmoja ukachomoka. Hisaro akaruka, akaudaka, akautia mfukoni. Miaka tisa hajafanya kazi nyingine. Hulala wima, viganja wazi.

"Na ukianguka?"

"Napasuka mimi," ilijibu sakafu. Eliwaza alitazama chini, akaona saruji yake imekuwa marumaru, na saluni imekuwa ukumbi wa kifalme. "Sina ugomvi na mtu," sakafu iliongeza. "Ndivyo nilivyoandikiwa."

Kazi ni kazi. Eliwaza anamkalisha binti mfalme, anachukua chanuo. Hisaro anasimama kando, anadaka. Na msusi akishashika kichwa lazima aulize habari za watu.

"Mama yako yupo, kaka?"

"Yupo. Ila amechorwa kwa nyuma tu, mgongo na kilemba, kule mlimani. Tangu nile kiapo analia. Kila nikitaka kwenda kumwona, unywele unaanguka." Akadaka mwingine, uso mkavu.

Eliwaza akakaza mkono. "Nakusuka mtindo usioachia hata uzi, mwanangu," alimwambia Yumeli. "Twende kilioni."

Hapo alikosea. Kwao Morogoro hilo ni jina tu la mtindo, mistari iliyonyooka kurudi nyuma, anayosukwa mtu mwenye haraka. Katika ufalme ule jina ni amri. Kwenye mstari wa nne Yumeli alipiga chafya; alipofunga wa kumi na mbili, tarumbeta zililia, wakuu wote wakaingia na ndevu zao, wamejitanda kanga, na Mfalme akaletwa juu ya mto wa hariri. Mfalme alikuwa birika.

"Tumeambiwa twende kilioni," alisema Mfalme, akitoa mvuke. "Amekufa nani?"

Wakuu wakaanza kuhesabiana vichwa; wote wapo.

"Kilio bila marehemu ni kuudanganya ufalme. Kuna adhabu."

Hisaro akajitokeza. "Nitakufa mimi, Mtukufu. Nimeshakufa mara kumi na moja, nimezoea." Akavua joho, akalitandika chini vizuri, kona kwa kona.

"Usilale kwenye ufa," sakafu ilimshauri.

Yumeli akamshika mkono. "Hisaro, leo usife."

"Ni amri?"

"Ni ombi."

Hisaro akaliokota joho, akaanza kulikunja upya. Kiapo chake hakikusema lolote kuhusu maombi.

Eliwaza anapiga magoti mbele ya birika, chanuo likiwa bado mkononi. "Mtukufu, kilio si lazima kiwe na maiti. Huko mlimani kuna mama anamlilia mwanawe mwaka wa tisa huu. Kama hicho si kilio, basi mimi sijui kilio ni nini."

Mfalme anachemka. Anafikiri. Kifuniko kinamcheza kichwani.

"Twendeni," anasema.

Lakini Hisaro hawezi kutangulia. Tangu utoto anatembea hatua tatu nyuma ya mtu. Anasimama mlangoni, mguu mmoja hewani, hajui auweke wapi. Yumeli anachukua mwavuli wa kifalme, anaufungua juu ya kichwa cha mtumishi wake, anaurefusha mkono, na kurudi hatua tatu nyuma.

"Haya, tembea."

Anatembea. Ukumbi unaisha, mlima unaanza, rangi zinapungua mpaka inabaki penseli tupu. Na pale juu pana mgongo na kilemba.

"Mama," anasema Hisaro.

Mama anageuka, na kadiri anavyogeuka ndivyo uso unavyojichora: jicho, jicho la pili, pua, mdomo uliofumbwa kwa hasira. Anamkagua mwanawe toka juu mpaka chini.

"Umekonda. Na hizo glavu za nini? Vua, unawe mikono, chakula kinapoa."

Hisaro anavua. Analia kwa uso uleule mkavu. Machozi tu ndiyo yanayotoka.

"Mama! Mama, amka!"

Eliwaza alifumbua macho. Nakiete alikuwa amesimama mbele yake, simu mkononi, amenuna.

"Kipindi kipya kimetoka na Hisaro hayumo! Toka mwanzo mpaka mwisho hayumo, wala hawasemi yuko wapi. Halafu angalia, Yumeli eti kasukwa twende kilioni."

Eliwaza aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho kama mtu anayekagua kazi. Mstari wa nne ulikuwa umepinda kidogo, palepale mteja alipopiga chafya.

"Usihangaike, mwanangu," alisema, akimrudishia. "Misuko ile inakaa wiki mbili tu, kisha atarudi."