Mkono wa Kijacho

Fundi cherehani aliukung'uta mkeka vipande vya uzi, akautandika pembeni mwa dirisha, kisha akamlaza binti yake kifudifudi kama alivyoelekezwa kliniki. Mtoto alikuwa na miezi minne. Alipokuwa tumboni walimwita Kijacho, na alipozaliwa jina likagoma kumtoka.

Muuguzi alikuwa amemweleza taratibu, huku akimgeuzageuza mtoto mezani kama mtu anayekagua mishono ya koti. Mtoto akiwa macho alazwe kwa tumbo, kidogo kidogo, ili shingo ipate nguvu. Agusishwe vitambaa vya kila namna, laini na vya kukwaruza. Mbele yake kiwekwe kitu cha rangi kali, mbali kidogo na mkono unapofika, ili ajinyooshe.

"Na baba yake ajilaze naye chini, amwongeleshe," muuguzi alimalizia. "Umri huu, hakuna anachokitafuta kama uso wa mtu."

Vitambaa havikuwa shida katika nyumba ile. Fundi alimpitishia Kijacho viganjani mahameli, kitani na gunia, na mtoto alikunja uso kwa gunia kama mteja anayelipia. Kitu cha rangi kali nacho kilipatikana: chupa ya plastiki yenye vifungo vyekundu ndani, kifuniko kimekazwa kwa koleo. Uso ndio uliokuwa kazi kuupata.

Baba Kijacho alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha lao la ghorofani. Alasiri, wateja walipopungua, alitoka nje akakaa kwenye benchi, akacheza drafti na wenzake mpaka giza liingie. Hakuwa mlevi wala mkali, na nyumbani hakukosekana kitu. Mkewe alipomfikishia maneno ya muuguzi, alikubali palepale.

"Jumamosi," alisema.

Jumamosi fundi viatu alikuja na ubao mpya wa drafti, na haikuwa adabu kumwacha aucheze peke yake.

Kijacho hakuihangaikia chupa. Alisikia kicheko cha baba yake kikiingia dirishani upande wa kulia, akageuza kichwa, akanyoosha mkono. Mkono ukafika ukingoni mwa dirisha. Mama yake, aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano, aliona kwamba shati la mtoto limekuwa fupi mkononi, akafumua pindo. Pindo halikutosha. Kesho yake aliunga kipande, na siku zilizofuata akaunga vingine, kila kipande rangi yake, kadiri mabaki ya wateja yalivyoruhusu.

Mkono ulishuka ukutani, ukapita juu ya mfereji, ukaanza kuvuka barabara. Madereva walikuwa tayari wakipunguza mwendo pale kwa sababu ya shimo, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Jirani wa chini alianika soksi juu yake asubuhi moja, fundi akamwomba azianue.

"Samahani, dada," jirani alisema. "Niliona kamba imekazwa vizuri."

Siku mkono ulipofika benchini, uliikamata suruali ya kinyozi gotini ukavuta.

"Mkono wa nani huu?" aliuliza fundi viatu.

"Wa binti yangu."

"Ana nguvu. Haya cheza, zamu yako."

Kinyozi aliubandua kwenye suruali, akaupa kidole chake cha mkono wa kushoto. Ukakishika. Kwa mkono wa kulia alikula kete mbili.

Tangu hapo ikawa desturi. Mkono ulifika alasiri, kinyozi akaupokea bila kuinua macho. Giza likiingia ulijivuta, ukapanda ghorofani, ukajikunja kando ya mtoto kama jora la kitambaa, na kinyozi alipopanda kula alimkuta mwanawe amelala. Alikuwa baba mwenye kujali: aliviringisha taulo la kunyolea kwenye ncha ya benchi ili ngozi ya mtoto isichubuke. Wateja waliona, wakamsifu. Mwenye duka la jirani alisema ni wanaume wachache siku hizi wanaomshika mtoto kila siku. Kinyozi akajibu kwamba malezi ni kujitoa tu.

Mkewe alivuka barabara akiwa na tepu shingoni.

"Baba Kijacho, mtoto anakuita."

"Si nimemshika mkono?"

"Anataka akuone usoni."

"Sasa mama, mkono wote huu umekuja mpaka hapa, na mimi tena niende huko? Si tutapishana njiani?"

Wenzake walicheka, si kwa ubaya. Fundi alirudi akiufuata mkono wa mwanawe, akiupangusa vumbi kwa upindo wa gauni mpaka mlangoni.

Kliniki alikwenda ameutundika begani. Muuguzi alisema uzito uko sawa, na kushika ni kuzuri mno. Kisha akatikisa funguo upande wa kushoto. Mtoto hakugeuka.

"Shingo imezoea upande mmoja, na mkono wa kushoto kama hana habari nao. Huko kulia kuna nini?"

"Baba yake."

"Basi mhamishe."

"Mtoto?"

"Baba. Akishindikana, hamia wewe upande wa pili."

Wiki hiyo mama mkwe alikuja kumsalimu mjukuu. Aliuruka mkono uliopita sakafuni, akatua kikapu chake.

"Amemrithi baba yake," alisema. "Wa baba yake ulikuwa ukifika mpaka stesheni. Babu yake huyu mtoto alifanya kazi reli."

"Mkaurudishaje, mama?"

"Hatukuurudisha. Siku moja aliacha tu kuunyoosha. Tukashukuru, maana nguo zilikuwa zinatushinda."

Fundi alikanyaga cherehani kwa muda kabla hajagundua kwamba hakuna kitambaa chini ya sindano.

Kuanzia kesho yake alasiri aliifunika mashine, wateja wakangoja. Alijilaza kifudifudi upande wa kushoto wa mkeka, kidevu chini, akaita. Kijacho alibaki ametazama dirisha. Mama akaimba, akavimbisha mashavu, akakipapasa kwa mahameli kile kiganja kisichokuwa na kazi. Ilichukua siku nyingi. Hatimaye kichwa kikazunguka kama mlango mzito, na mtoto akautazama uso wa mama yake kwa makini, kama mtu aliyesikia sana habari zake. Fundi akasahau wimbo.

Kijacho alitaka kuuona vizuri zaidi. Alijaribu kujiinua kwa kiwiko cha kushoto, akaangukia pua, akalia. Akajaribu tena, akaanguka tena. Kiwiko kimoja hakitoshi kwa kazi ile.

Basi mkono wa kulia ukarudi. Ulimwachia kinyozi kidole, ukavuka barabara jua likiwa bado kali, ukaburuta viraka vyake ukutani, ukaingia ndani ukipungua, hata ulipofika chini ya kifua ulikuwa na urefu wake wa kawaida. Kijacho akajiegemeza kwa viwiko viwili. Kichwa kikasimama juu, kikitetemeka kidogo, akakitazama chumba chote.

Mama yake alipiga makofi. Akakimbilia dirishani.

"Baba Kijacho! Kainuka! Njoo umwone!"

"Namalizia huu!"

Kinyozi alipapasa pembeni bila kuondoa macho ubaoni. Mkono wake ukakuta mguu wa benchi, ukaushika.

"Leo katulia," alimwambia fundi viatu, akasogeza kete.